Andullo ya Marehemu Nolasco

Kidole gumba cha Casilda kilizama. Hakikuzama sana, labda kiasi cha ukucha, lakini kilizama mahali ambapo hakikupaswa kuzama hata kidogo, na papo hapo jasho jembamba likamtoka mgongoni. Alikichomoa, akakifuta kwenye aproni kama aliyeshika kitu cha aibu, kisha akabonyeza tena. Palepale, kiunoni mwa andullo, palikuwa laini. Andullo iliyokaa mwaka mzima ndani ya kamba hulia ko! ukiigonga. Huwa gogo la tumbaku gumu kama mpini wa jembe, na huikati mpaka uwe umenoa kisu asubuhi hiyohiyo. Hii ya baba yake ililia ko! upande wa juu, ikalia ko! upande wa chini, na katikati haikulia kitu.

"Baba," alisema kwa sauti, peke yake bandani, "mbona unanifanyia hivi leo, jamani?"

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mwaka ulikuwa umetimia tangu Nolasco azikwe, na kule nyumbani, hatua hamsini tu kutoka bandani, watu walikuwa wameshaanza kufika kwa sala ya mwaka. El Caimito, kijiji chao cha mlimani, kina desturi yake. Mfunga tumbaku akifa na kuacha andullo imening'inia, haiguswi kwa kisu mpaka mwaka wake utimie. Siku hiyo, rozari ikiisha na kahawa ikimiminwa, hukatwa mezani mbele ya picha yake, kila mwenye kiko akajaza, na moshi huo ndio kwaheri. Watu wa mlimani hawasahau kwaheri hizo. Wapo wanaosimulia hadi leo ya mzee Ulerio, jinsi ilivyonukia zabibu kavu mpaka walinzi wa barabarani wakapanda kuuliza kuna nini. Na wapo wanaosimulia, kwa sauti ya chini na kicheko kidogo, ya yule jamaa wa bondeni iliyofunguliwa ikakutwa na ukungu mweupe, mjane wake akajifungia chumbani siku tatu.

Aibu peke yake Casilda angeimeza. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ameshameza mengi. Kilichomkaba koo ni banda. Shamba na banda la tumbaku Nolasco aliwaachia wote wawili, yeye na mdogo wake Persio anayeishi Santiago, na Persio hakuficha anachotaka: tumbaku ing'olewe, banda livunjwe, yapandwe maparachichi. Walivutana miezi miwili. Mwishowe wakapeana mikono mbele ya Eneria, mama wa ubatizo wa Casilda, kwamba andullo ya baba ndiyo itakayoamua. Ikifunguka nzima, basi Casilda ameweza kuilea, na banda na shamba vitabaki mikononi mwake. Ikifunguka imeoza, Persio apande miti yake na asisikie neno. Na tangu jana miche ilikuwa imeshafika, mia mbili kwenye mifuko myeusi, imepangwa kando ya ua, na mtu wa kuipanda amekuja nayo kwa lori.

"Nimeileta mapema isije ikakosekana tu," alisema Persio, bila kumtazama usoni.

Casilda alijua kilichooza ni nini, na kilioza lini. Hilo ndilo lililomtafuna zaidi. Baba yake aliifunga andullo hii Jumatatu, kwa nguvu zake za mwisho: akayalaza majani yaliyotolewa uti, akayafunika kwa yagua, lile karara pana la mti wa jamii ya mnazi, akazungusha kamba na kuikaza huku anakohoa. Alfajiri ya Jumatano akafa. Sasa tumbaku iliyofungwa ikiwa mbichi namna hiyo haina subira. Inachemka ndani, inatoa jasho, inasinyaa, kamba inalegea, na kamba ikilegea hewa inaingia. Kila siku ya tatu lazima ikazwe upya, hakuna mjadala. Lakini nyumba yenye msiba El Caimito haigusi kamba siku tisa, kwa sababu kamba ndiyo iliyoshusha jeneza. Siku ya tatu ya matanga Casilda aliondoka kimya kimya kwenye viti vya waombolezaji akaelekea bandani. Hakufika nusu ya njia.

"Dada!" Persio alimwita kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. "Baba hajapoa kaburini, wewe ushaifuata tumbaku?"

Watu wote waligeuka. Casilda akarudi kwenye kiti chake, akakunja mikono mapajani, akakaa siku zote tisa. Siku ya kumi alipoifikia kamba, ilikuwa imelegea kiasi cha kupitisha vidole vinne. Aliikaza mpaka viganja vikachubuka, na mwaka mzima hakuacha kuikaza, lakini jambo lenyewe lilikuwa limeshafanyika ndani, mahali ambapo jicho haliingii.

Kwenye boriti hiyohiyo, mkono mmoja kutoka ya baba, ilining'inia andullo ya pili. Hiyo hakuna aliyeijua. Siku ileile ya kumi, akiwa bado na hasira na machozi, Casilda alikusanya majani yaliyobaki kwenye kona, akatafuta yagua, akaifunga mwenyewe. Ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Miaka arobaini alikuwa ametunga majani kwenye uzi, akayaanika, akayageuza, akayatoa uti mpaka vidole vikawa vyeusi visivyosafishika, lakini kamba baba yake hakumpa. "Wewe tunga, mwanangu, kutunga hakuna anayekufikia," ndivyo Nolasco alivyokuwa akisema. "Kamba tuachie wanaume." Wanaume wenyewe walikuwa Nolasco peke yake, maana Persio alikimbilia mjini akiwa na miaka kumi na saba na tumbaku humtia kichefuchefu.

Casilda aliigonga hiyo ya pili. Juu, ko! Chini, ko! Akaigonga kiunoni. Ko! Akasimama akiitazama, na wazo lililokuwa likimzunguka tangu kidole kilipozama likaja likakaa mbele yake waziwazi, halina haya.

Mlango wa banda ulikwaruza. Persio alichungulia, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Uko huku? Msalishaji kashafika. Watu wanakuulizia."

"Nakuja. Naitayarisha."

"Iko salama?" Aliuliza kwa upole, na upole huo ulimchoma Casilda kuliko kejeli.

"Kwani una haraka gani? Utaiona mezani."

"Sina haraka, dada. Nauliza tu." Akasitasita, akapapasa nguzo iliyoliwa na mchwa, akaondoa mkono. "Hili banda lenyewe limebakiza mwaka mmoja wa kusimama, ukilihurumia."

"Nenda ukasali, Persio."

Akaenda. Baadaye kidogo sauti ya msalishaji ikapanda kutoka nyumbani, na kundi zima likaitikia, na Casilda akajua ana muda wa mafungu matano ya rozari. Si zaidi.

Hakuna mtu mlimani asiyejua kamba ya Nolasco. Marehemu alikuwa wa mkono wa kushoto, na kamba yake ilizunguka kinyume na za wote. Mtoto mdogo angeitambua. Kamba ya Casilda ilizunguka upande wa kila mtu. Kwa hiyo aliishusha andullo yake, akaibana baina ya magoti, akafungua fundo na kuanza kuivua kamba, mzunguko kwa mzunguko, akiilaza sakafuni ili isijifunge. Fungu la kwanza lilikwisha huko nyumbani. Akafunga ncha ya kamba kwenye nguzo, akashika gogo kwa mkono wa kushoto, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote na kuanza kulizungusha upya, kinyume.

Alidhani mikono itakataa, lakini haikukataa. Ilikuwa imemtazama baba yake miaka arobaini na haikusahau hata kimoja: pale anapobana kwa goti, pale anapoachia pumzi, ile nusu hatua ya kurudi nyuma kabla ya kukaza. Fungu la pili likaisha. Kamba ililia, yagua ikalia. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Fungu la tatu. Mara alisikia nyayo nje, akaganda, nyayo zikapita kuelekea chooni. Akaendelea. Nyumbani baba yake alikuwa anasaliwa huku binti yake hayupo, na kila salamu Maria iliyopanda ilimkuta anavuta kamba kama mwizi. Fungu la nne lilipofika mwisho alifunga fundo la Nolasco, lile la kupindisha mara mbili, akaisimamisha andullo mbele yake.

Ilikuwa ya Nolasco. Hata yeye mwenyewe, kama angeingia sasa hivi na kuikuta hapo, angeapa kwamba ni ya Nolasco.

Angepaswa kupumua. Badala yake kitu kikampanda kutoka tumboni, cha moto, na ilimchukua muda kukitambua, maana hakuwa amekizoea: ilikuwa hasira. Aliwaona wote mezani kama wanavyokaa. Alimwona Confesor, jirani yao mwenye domo, anavuta kwa macho yaliyofumbwa na kusema, ah, huyu ndiye Nolasco, hatatokea mwingine. Aliwaona wanatikisa vichwa. Mwaka mzima alikuwa ameiamkia andullo hii, akaikaza, akaigeuza, akaipelekea kivuli jua lilipohama, na sasa ampelekee baba kitu pekee alichowahi kukifunga maishani mwake, kwa mikono yake mwenyewe, ili baba asifiwe? Huyohuyo aliyemnyima kamba?

"La," alisema Casilda. "Hapana. Hiyo hapana, baba."

Fungu la tano lilikuwa linamalizika. Muda wa kuirudisha kamba haukuwepo tena. Akaitungua na ya baba, akazikumbatia zote mbili kifuani, akatoka nje kwenye jua.

Meza ilikuwa imewekwa barazani: kitambaa cheupe, picha ya Nolasco mwenye kofia, mshumaa, glasi ya maji. Wanawake walikuwa wanapitisha kahawa ya tangawizi na mikate ya muhogo. Watu wapatao thelathini walinyamaza walipomwona amebeba mbili. Eneria alikuwa kwenye kiti cha mbele, miaka sabini na tisa, kiko chake kitupu kimeshatangulia mdomoni.

"Wewe mtoto umekosa rozari ya baba yako," alisema.

"Nimekosa, mama."

"Haya. Mungu anajua. Sisi hatujui, ndiyo maana tunauliza."

Casilda alizilaza andullo mezani ubavu kwa ubavu. Kamba zote mbili zilizunguka kushoto. Persio alisogea, akazitazama, uso ukamfunguka kwa mshangao.

"Zote mbili za baba? Alifunga mbili?"

Hapo palikuwa na mlango wazi, na Casilda aliuona. Neno moja tu. Angesema ndiyo, akakata ile ngumu, ile nyingine ikarudi bandani na kuzikwa kimya. Watu thelathini walikuwa wanangoja, na Persio mwenyewe ndiye aliyeushikilia ule mlango. 

"Hii ndiyo ya baba," alisema, akagusa ya kushoto. "Imeoza kiunoni. Na hii nimeifunga mimi, kwa majani yaliyobaki, matanga yalipoisha. Kamba yake nimeigeuza sasa hivi, mlipokuwa mnasali, ifanane na ya baba. Nilitaka kuwadanganya."

Hakuna aliyegusa kikombe. Mtoto aliuliza kitu, akanyamazishwa.

"Toba!" alisema Confesor polepole. "Na ulikuwa unatuweza."

 Casilda alichukua kisu, akakata ya baba yake katikati, palepale alipokuwa anapaogopa, maana alitaka liishe. Kisu kiliingia bila kazi. Harufu ya tope na siki ikapanda mezani, na mwanamke mmoja akaziba pua kwa leso. Ndani majani yalikuwa meusi, yameshikamana, yanavuja.

"Si nilisema," Persio alianza, kisha hakumaliza. Alikuwa anautazama ule weusi. Mtu mwenye akili anaweza kuhesabu, hata kama tumbaku inamtia kichefuchefu. "Hii imeingiwa na hewa mwanzoni. Sivyo?"

"Siku ya tatu," alisema Casilda. "Mpaka ya kumi."

Persio alitazama chini. Shingo ilikuwa imemwiva nyekundu juu ya kola nyeupe.

"Ulinirudisha kitini mbele ya watu," Casilda akaendelea. "Mimi nikarudi. Ningeweza kukataa na sikukataa. Hilo ni langu. Lakini usiniambie sikuweza kuilea. Niliweza. Niliogopa tu."

"Nilikuwepo," alisema Eneria. Alikuwa ametoa kiko mdomoni. "Nilijua kamba inataka kukazwa na nikakaa kimya kama gunia. Nyote mlikuwepo, msitazame paa." Akavuta ile andullo iliyokatwa karibu yake, akanyang'anya kisu, akakatakata mpaka akafika kwenye ncha mbili zilizobaki kavu. Zilitosha viko sita au saba. "Kwaheri ya Nolasco ni hii. Ndogo, lakini ipo. Leteni."

Wakajaza. Moshi ukapanda mbele ya picha, watu wakavuta bila maneno, na wengine walilia. Confesor alisema Nolasco hata akioza anavutika, akakanyagwa mguu na mkewe. Casilda alisimama nyuma ya kiti, mikono imemning'inia. Alikuwa ameshapoteza na alilijua hilo. Maneno ya mkataba yalikuwa wazi, miche ilikuwa pale kando ya ua, na hakuona cha kubishia.

"Sasa hiyo nyingine," alisema Eneria.

"Mama, hiyo haikuwa kwenye mapatano."

"Nimekuuliza mapatano? Nina kiko kitupu."

Casilda aliikata ncha. Kisu kiligoma, ikabidi aegemee kwa viganja viwili, na kipande kilipotoka kilikuwa na rangi ya kahawa iliyokolea, kinang'aa kwenye mkato. Eneria alikinusa muda mrefu. Akakivunjavunja kiganjani, akajaza, akawasha. Alivuta mara ya kwanza, akatoa moshi kwa pua. Akavuta mara ya pili. Baraza zima lilimtazama bibi kizee mmoja akivuta kiko. 

"Chungu," alisema Eneria.

Casilda alifumba macho.

"Chungu, kali, inang'ata ulimi. Nyie mnatazamana nini? Ya mwaka mmoja zote ziko hivyo. Tunazivuta kumheshimu maiti, si kwa utamu. Ya baba yake ya kwanza niliivuta mimi nikiwa msichana, nikatapika." Akavuta tena, na safari hii hakuharakisha kuutoa moshi. "Hii haina kosa. Inataka mwaka mwingine. Ukiikata leo yote umeiua bure. Mwaka mmoja tu, kamba ikazwe kila mwezi, halafu mtanitafuta popote nitakapokuwa." Akageuza shingo yake kavu kumwelekea Persio. "Itaning'inia wapi?"

 Persio alitazama miche kando ya ua, akatazama banda, na vidole vyake vikawa vinachezea kifungo cha shati. Mtu wa kazi aliyekuja na lori aliinuka akakaa tena. Lilikuwa swali la Persio sasa, na Casilda, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakutaka kumsaidia wala kumbembeleza. Kwanza hakuwa na nafasi. Ncha iliyokatwa ilikuwa inakunywa hewa, na andullo iliyofunguliwa haimngoji mtu afikirie. Akachukua kipande cha yagua, akakilowesha kwenye ndoo, akaifunika ile ncha, akaanza kuivua kamba kuirudisha upande wake mwenyewe, ule wa kulia. Mzunguko wa kwanza ukatoka, wa pili, wa tatu. Ncha ya kamba ilianguka sakafuni, ikateleza mpaka kwenye viatu vya Persio.

Akainama akaiokota. Aliishika kama asiyejua aipeleke wapi.

"Vuta," alisema Casilda.

Akavuta kidogo, kwa vidole, akilinda shati.

"Nimesema vuta, Persio. Izungushe kiganjani, egemea nyuma. Usiiachie mpaka nikwambie."